Hakuna cheni ya "inchi 20": tatu nilizofunga kwenye chensoo moja

Ukiingia duka la vipuri ukasema, "Naomba cheni ya chensoo, inchi 20," utapewa. Muuzaji atanyoosha mkono, atashusha pakiti, utalipa na kuondoka. Nimenunua hivyo miaka mingi nikipasua mbao huku Mufindi, Tanzania, na kwa kuwa mara nyingi cheni ilikaa, niliamini ndiyo namna ya kununua. Novemba iliyopita nilinunua tena vilevile. Cheni iliingia kwenye bapa, ikazunguka, ikakata, na ikaniharibia kazi ya siku nne mbele ya mzee ambaye nampasulia miti yake tangu 2016.

Mashine yangu ni Stihl MS 381, bapa la inchi 20. Bapa ninaita lile chuma refu ambalo cheni inazunguka juu yake. Tangu Novemba hiyo nimefunga cheni tatu tofauti kwenye mashine hii hii, nikakata miti ya aina ileile, mara nyingi kwenye shamba lilelile. Nataka kueleza nilichokiona kwenye kila moja, kwa sababu vijana wengi wanaoanza kazi hii wananiuliza "cheni gani nzuri" na mimi mwenyewe nilikuwa nawajibu vibaya.

Ya kwanza niliinunua mjini kwa shilingi 35,000. Pakiti ya plastiki, picha ya mti, namba 20 iliyoandikwa kubwa, na chini yake 72. Basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna vipimo vingine. Nilimwambia kijana wa dukani mashine niliyonayo, akanijibu, "Kaka, hii inakaa bila shida, wenzako wote wanachukua hii." Nikahesabu miguu ya cheni, yaani vile vipande vya chini vyenye ncha vinavyozama kwenye mfereji wa bapa, nikakuta ni 72 kweli. Nikaridhika.

Kazi ilikuwa ya milingoti, yaani mikaratusi, mbao za 2x6 za futi 12, za kenchi ya nyumba ya mtoto wa yule mzee. Siku ya kwanza magogo mawili yalikwenda vizuri. La tatu, msumeno ukaanza kuvuta kushoto. Unaanza na unene wa inchi 2 upande huu, ukifika mwisho wa gogo unakuta inchi 2 na nusu, na ubao unaofuata unapungua kiasi hichohicho. Anayepasua kwa mkono anajua kwamba mvuto wa namna hiyo kwa kawaida unatokana na kunoa: meno ya upande mmoja yakiwa makali au marefu kuliko ya upande wa pili, cheni inakimbilia upande wenye nguvu. Kwa hiyo nikakaa chini, nikapiga tupa jino kwa jino, misukumo mitatu kila jino, kushoto na kulia. Nikarudi kwenye gogo. Ikavuta tena.

Nikagundua mambo mawili nilipokuwa nanoa. La kwanza, tupa ilizama kwenye jino kama vile nanoa jembe. Jino la cheni nzuri lina ngozi ya kromu ngumu juu yake, na tupa inapopita unaisikia mkononi: inakwaruza kidogo, kisha inashika. Hii haikukwaruza kabisa. La pili, nilipoweka futi nikapima meno mawili yanayofuatana, la kushoto lilikuwa fupi kuliko la kulia, na hapo cheni haikuwa imemaliza hata tangi tatu za mafuta. Ilitoka kiwandani hivyo. Halafu ikaanza kurefuka. Cheni mpya yoyote hurefuka kidogo siku ya kwanza, unaikaza mara moja au mbili, inatulia. Hii siku ya pili niliikaza mara tano kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya nne mzee alikuja na futi yake. Alipima ubao mmoja, akapima wa pili, akanitazama. "Mwanangu, hizi nitazipangaje kwenye kenchi?" Sikuwa na jibu. Mbao 31 zilikwenda kujengea banda la ng'ombe kwa bei ya mabanzi, na tofauti niliilipa mimi.

Nikaipeleka ile cheni pamoja na bapa langu kwa fundi wa kuchonga vyuma, ambaye ana venia, kile kifaa cha kupimia unene. Akapima mguu wa cheni: milimita 1.5. Akapima mfereji wa bapa: 1.6 na zaidi kidogo, kwa sababu bapa lenyewe limetumika. Hapo ndipo nilipoelewa. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, kwa hiyo ukikosea upande huo utajua hapohapo na utairudisha dukani. Lakini ya 1.5 inaingia kwenye mfereji wa 1.6 bila kugoma. Inaingia, ina nafasi ya kulala ubavu, na kila jino linapouma mti linainama upande ambao limezoea kuinama. Ongeza meno mafupi upande mmoja, ongeza chuma laini, unapata ubao wa inchi 2 na nusu.

Sasa nieleze vipimo vyenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Cheni haitambulikani kwa urefu wa bapa. Inatambulika kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni nafasi kati ya riveti, vile vipini vinavyounganisha viungo vya cheni. Unapima kutoka katikati ya riveti moja hadi katikati ya riveti ya tatu, unagawa kwa mbili. Yangu inatoa milimita 19, nusu yake ni 9.5, ambayo ni inchi 3/8. Ukipata 16.5 kabla ya kugawa, hiyo ni inchi .325. Ukipata 20.5, hiyo ni .404, cheni ya mashine kubwa kama Stihl 070. Tofauti ya 19 na 20.5 unaiona hata kwa futi ya seremala, kaa kwenye mwanga tu na usiharakishe. Kipimo hiki lazima kilingane na sproketi, lile gurudumu la meno kwenye klachi linaloizungusha cheni, na gurudumu la ncha ya bapa, kama bapa lako lina gurudumu. Kisipolingana, cheni itapanda juu ya meno ya sproketi na kuyala.

Cha pili ni unene wa mguu. Mguu ndio kile kipande cha chini kinachozama kwenye mfereji wa bapa na kusukumwa na sproketi. Unene unaokutana nao ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Hiki ndicho kilichoniumiza, na hiki ndicho ambacho wauzaji wengi hawakitaji.

Cha tatu ni idadi ya miguu. Hesabu miguu, siyo meno. Cheni yangu ina miguu 72 na meno 36. Mtu akikuuliza idadi ukamtajia meno, mtapotezana.

Ukishavijua hivyo vitatu, utaona kwa nini "inchi 20" haina maana. Stihl ya ukubwa wa yangu yenye bapa la inchi 20 inachukua 3/8, 1.6, miguu 72. Husqvarna nyingi zenye bapa la inchi 20 na cheni ya 3/8 zinachukua 1.5, miguu 72. Zile mashine za Kichina zenye injini ya cc 52 na 58 ambazo zimejaa kila kijiji siku hizi, bapa lake la inchi 20 linachukua .325, 1.5, miguu 76. Zote tatu muuzaji anaziita inchi 20. Mbili za kwanza hata idadi ya miguu ni ileile, na ukiziweka pamoja juu ya meza, macho hayaoni tofauti.

Kwa hiyo usisome pakiti, soma chuma. Bapa limegongwa namba karibu na mkia, pale linapobanwa na nati. Toa kifuniko, futa grisi na vumbi kwa kitambaa chenye petroli, utaona nafasi, unene, na mara nyingi idadi ya miguu. Cheni nayo imegongwa. Stihl wanagonga tarakimu moja kwenye mguu: 6 maana yake 1.6, 5 ni 1.5, 3 ni 1.3, 1 ni 1.1. Juu, kwenye kile kidole kilicho mbele ya jino, wanagonga nyingine: 3 ni inchi 3/8, 2 ni .325, 4 ni .404. Oregon, kampuni nyingine ya cheni, wana mpango mwingine. Kwenye mguu wanagonga namba ya familia ya cheni: kwa 3/8 ni 72, 73 au 75, yaani 1.3, 1.5 na 1.6 kwa mfuatano huo. Hapo kuwa makini sana, kwa sababu nimeshuhudia mtu akiona 72 kwenye mguu wa cheni akafurahi kwamba ni ya miguu 72. Siyo. Ile 72 inakwambia ni 3/8 yenye unene wa 1.3, na roli nzima, yaani cheni ndefu ambayo haijakatwa vipande, yenye miguu mamia kwa mamia imegongwa 72 kila mguu.

Ile cheni ya 35,000 haikugongwa kitu popote. Niligeuza kila mguu kwenye jua. Tangu siku hiyo, cheni isiyo na alama kwenye chuma siinunui hata wakinipunguzia bei.

Cheni ya pili nilinunua kwa hasira, na nilinunua nzuri. 3/8, 1.6, miguu 72, imegongwa kila inapotakiwa, jino la kona. Nieleze jino la kona. Ukilitazama jino kwa mbele, kile kipande cha juu na kile cha ubavuni vinakutana kwa kona kali kama ya sanduku. Kona hiyo ndiyo inayotangulia kukata nyuzi za mti, na inakata kwa kasi ambayo ukishaizoea mashine nyingine zote unaziona zinatambaa. Desemba tulikuwa na misindano, yaani misonobari, iliyoangushwa juu ya majani, magogo masafi, gome halina mchanga. Cheni hii ilitoa chenga pana, ndefu, zikirukia mbali na miguu yangu. Kila dakika nilikuwa nasema moyoni kwamba nilichelewa kuinunua. Kwa mtu anayekata misindano kwenye mashamba kama ya Sao Hill, kazi ya kuangusha na kukata vipande, mti laini na msafi, sina cheni nyingine ya kumshauri.

Lakini mvua zikaja. Januari na Februari huku kwetu gogo linaburutwa na ng'ombe kwenye tope hadi mahali pa kupasulia, na tope letu lina mchanga. Kona ile kali ndiyo inayokutana na mchanga kwanza, na ikishavunjika, jino zima halina kazi tena. Nilikuwa nanoa kila tangi moja ya mafuta, wakati mwingine nusu tangi. Mdogo wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, alijifunza kutambua kabla yangu. Alikuwa anaokota kilichotoka chini ya mashine na kunionyesha kiganjani: chenga zimegeuka unga. Unga maana yake cheni haikati tena, inasaga.

Kuna namna nyingine ya kuona, na hii nawaomba vijana waishike. Geuza cheni, mashine ikiwa imezimwa, ulitazame jino moja kwenye jua. Ukali halisi hauonekani, mwanga unapita tu. Jino lililolala linaonyesha mstari mweupe mwembamba kwenye ukingo wake, kama uzi. Huo mweupe ndio ukingo ulioviringika, na mwanga unarudi kutoka hapo. Unoe mpaka uzi wote mweupe upotee, hasa pale konani. Ukiacha hata kipande cha nusu milimita pale konani, umepoteza muda wako.

Cheni ya pili, basi, haina kosa. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye kazi isiyo yake. Niliiondoa mwishoni mwa Februari, nikaiosha, nikaiweka kwenye kopo lenye oili hadi kiangazi.

Ya tatu nimeipata kwa mama mmoja anayeuza vipuri na pembejeo kwenye chumba kidogo, na duka lake nalisifu kwa moyo wote ingawa jina lake silitaji bila idhini yake. Nilisalimia, "Shikamoo mama," akaitika, na kabla sijasema inchi ngapi akaniuliza, "Bapa lako liko wapi?" Nilikuwa nimeliacha nyumbani. Akaniambia nirudi nalo. Kilomita kumi na moja kwa bodaboda kwenda, na nyingine kurudi, na sikukasirika hata kidogo, kwa sababu nilijua huyu anajua kazi.

Nilipolileta alifuta mkia, akasoma, akachukua kipande cha mnyororo wa zamani wenye mguu wa 1.6 akakiingiza kwenye mfereji, akakitikisa kushoto na kulia. "Limeanza kutanuka, mwanangu. Halijafa. Usinifungie cheni mpya kabla hujalipiga tupa kingo zake." Kweli, kingo za mfereji zilikuwa zimejikunja nje, zina makali ya kukata kidole. Kisha akanifundisha kipimo ambacho miaka yote hii sikuwa nacho: funga cheni, egemeza rula ubavuni mwa bapa ikigusa pia ubavu wa jino. Kukiwa na upenyo kati ya rula na bapa, bapa bado zima. Rula ikilala yote kwenye bapa bila upenyo, cheni imeinama na mfereji umekwisha.

Yeye hauzi pakiti. Ana roli. Kiwanda kinatoa cheni ndefu ya futi 100 iliyoviringwa, na muuzaji anakata idadi ya miguu unayohitaji, anaunga kwa mashine ndogo ya mkono inayotoa riveti na nyingine inayosokota vichwa vya riveti mpya. Roli yake ilikuwa Oregon, mguu umegongwa 75. Alihesabu miguu 72 kwa kidole gumba, mimi nikahesabu nyuma yake, tukakubaliana. Alipomaliza kuunga alinipa nikague, na huo ndio ukaguzi ambao kila mtu anayenunua cheni ya roli lazima aufanye. Kiungo kilichoungwa kinatakiwa kukunjika kwa ulaini uleule wa viungo vingine. Kikiwa kigumu, riveti imebanwa kupita kiasi, na kitapata moto na kukatika. Kikilegea, kitafunguka. Vichwa vya riveti viwe vya mviringo na ukubwa sawa pande zote mbili. Riveti iliyopigwa nyundo juu ya jiwe, kama mafundi wengine wanavyofanya, siitaki karibu na mguu wangu, kwa sababu cheni ikikatika kwenye kasi kamili inakurudia wewe.

Nililipa 62,000, pungufu ya ile ya pili ambayo ilinigharimu 78,000, na kwa ubora sioni tofauti ya chuma.

Jino lake ni la mviringo. Pale ambapo cheni ya pili ilikuwa na kona, hii ina bega lililozungushwa kidogo. Kwenye msindano safi inazidiwa kasi na ile ya kona, sitaficha. Lakini kwenye mlingoti, kwenye muwati mkavu, kwenye gogo lililoburutwa, inakaa na ukali wake tangi tatu hadi nne kabla sijaitolea tupa. Bega halivunjiki kama kona. Linachakaa polepole na unalirudisha kwa misukumo miwili. Machi yote nilipasua nayo nikiwa nalala mapema, kwa sababu kabla yake nilikuwa namalizia jioni kwa kunoa hadi giza linaingia.

Jambo ambalo nililifanya taratibu ni kubadilisha pembe. Cheni hutoka kiwandani imenolewa kwa pembe ya karibu nyuzi 30, ambayo ni ya kukata gogo kwa kulikatiza. Kwa kupasua kwa urefu, pembe ndogo ya karibu nyuzi 10 inatoa uso laini zaidi wa ubao na mashine haitetemi. Sikuishusha kwa siku moja. Kila nilipopiga tupa nilipunguza kidogo, na baada ya wiki mbili ilikuwa imefika. Mbao zilizotoka Aprili zilihitaji randa kidogo sana, na seremala aliyezichukua aliniuliza kama nimeanza kutumia mashine ya mezani. Ila ukishafanya hivyo, cheni hiyo iwe ya kupasua tu. Kuangushia miti tumia nyingine.

Na katika kupasua, toa kifuniko cha sproketi mara kwa mara. Mti ukikatwa kwa urefu hautoi chenga, unatoa nyuzi ndefu kama tambi, na tambi hizo zinajaa kuzunguka sproketi mpaka cheni inazuiwa.

Tupa iwe ya kipimo chake. Kwa 3/8 Stihl wanasema kipenyo cha milimita 5.2, Oregon kwa familia ya 75 wanasema 5.5. Kwa .325 ni 4.8, kwa .404 ni 5.5. Kile kidole cha mbele ya jino, ambacho ninakiita kikomo kwa sababu kinaamua jino lizame kiasi gani, kinatakiwa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wengi wanakisahau kabisa, wanapiga tupa jino peke yake mpaka jino linashuka sawa na kikomo, halafu wanalalamika cheni haiumi. Wengine wanakipunguza sana ili msumeno ule zaidi. Huo unakula kweli, na siku moja utakurukia usoni.

Meno kupangwa moja kushoto moja kulia kuna asili yake, na naipenda habari hii. Joseph Buford Cox alikuwa mkata miti huko Oregon, Marekani. Mwaka 1946, wakati cheni za misumeno zilikuwa na meno ya kukwaruza yaliyochosha kunoa, alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo, anakwenda na nyuzi za mti na kuzikatiza bila shida, taya moja ikipeleka kushoto na nyingine kulia. Akatengeneza cheni kwa mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuiuza. Ndipo kampuni ya Oregon ilipotokea. Mimi nimewaona funza wa namna hiyo mara nyingi kwenye magogo ya zamani, nikawatupa pembeni. Siku hizi nasimama nawatazama.

Wenye kazi ya mvule wana shida nyingine. Ndani ya mvule kuna mawe, chokaa iliyoganda katikati ya mti, na huwezi kuyaona kwa nje. Hata jino la mviringo likigonga jiwe la mvule linakwisha. Huko nenda na cheni mbili zilizonolewa mfukoni, usitegemee aina.

Kabla ya kufunga cheni mpya, tazama sproketi. Stihl wanashauri sproketi moja kwa cheni mbili, na uzoefu wangu unakubali. Cheni ya zamani inachimba vibonde kwenye meno ya sproketi. Vikifika nusu milimita, badilisha, kwa sababu cheni mpya ikikaa kwenye vibonde hivyo inanyooshwa kuifuata ile sproketi mbovu, na unapoteza pesa za cheni ili kuokoa pesa za kipuri kidogo. Geuza bapa juu chini kila unapobadilisha cheni ili lilike sawa. Cheni yenyewe ilaze usiku mzima ndani ya oili safi kabla ya kuifunga. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari ina chembe za chuma, inalainisha na kusaga kwa wakati mmoja. Najua inapatikana bure gereji, nami niliitumia miaka. Bapa la kwanza nililolinunua liliisha kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo.

Kukaza: ncha ya bapa inyanyue juu, kaza mpaka miguu ya chini iguse bapa, kisha vuta cheni kwa mkono wenye glavu. Izunguke bila kugoma. Iendeshe dakika chache bila kukata, zima, iache ipoe, kaza tena. Ikiwa ya moto usiikaze sana, kwa sababu ikipoa inajivuta na kulibana bapa.

Mei nilirudi kwa yule mzee. Alikuwa na milingoti sita iliyobaki, na sikumwomba kazi, nilimwambia nitampasulia minne bila malipo kwa ajili ya zile mbao 31. Alikaa kwenye kigogo na futi yake mkononi kuanzia asubuhi. Ubao wa kwanza alipima sehemu tatu: mwanzo, kati, mwisho. Wa pili pia. Baada ya wa tano aliirudisha futi mfukoni, akamtuma mjukuu alete chai.

Cheni ile ya roli bado iko kwenye mashine. Juu ya kila jino kuna mstari mdogo wa mshazari uliogongwa kiwandani. Jino likinolewa mpaka hapo, cheni imekwisha. Jumamosi nilipima, zimebaki kama milimita mbili kufika mstarini. Nimeshamwambia yule mama anitunzie miguu 72 kwenye roli ya 75, na safari hii nimekwenda na bapa mkononi.